Idi Yetu Kule Navakholo



Himdi zote zamstahikia Allah, aliyetufanya mataifa na makabila ili tujuane, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba wake. Ama baada ya hayo, juma hili nataka tuzungumze juu ya sikukuu, zetu na za wenzetu, katika nchi hii kubwa yenye watu wa kila namna. Nitaanzia mbali na bahari, huko Navakholo, kaunti ya Kakamega, nilikokwenda kula Idi ya Mfungo Tatu pamoja na mdogo wangu.

Mdogo wangu aliolewa huko miaka minane iliyopita. Mumewe ni Mwislamu wa kizazi na kizazi, mwana wa Abanyala, Waluhya wenye ardhi hiyo. Walioana Mombasa alipokuwa akifanya kazi mjini, kisha wakarudi kwao kulima miwa na kuendesha duka. Kwa muda wote huo mdogo wangu ndiye aliyekuwa akiteremka pwani kututazama. Mimi sikuwahi kupanda kwenda kwake. Mwaka huo nikasema, la, safari hii ni zamu yangu. Nikapanda basi la usiku hadi Nairobi, jingine hadi Kakamega, kisha matatu ya mwisho kuelekea kaskazini-magharibi mwa mji huo, miwa ikiwa imesimama kulia na kushoto mwa barabara.

Nilifika jioni ya kuamkia Arafa. Katika mfuko wangu mlikuwa na vileja, visheti, halua, udi kidogo, na gauni la kijani la binti wa mdogo wangu. Nilipomvika gauni alilifurahia sana, akazunguka mbele ya kioo, kisha akalivua, akalikunja vizuri na kulirudisha mfukoni.

“Mbona walirudisha?” nikamwuliza. “Hili ni la Idi, mama.”

Akanijibu kwa upole, kama mtu amfahamishaye mgeni desturi ya nyumba: “Mama mkubwa, hapa kwetu hakuna Idi. Idi iko Mumias. Siku hiyo mimi nina mtihani.”

Mama mwenzangu, neno hilo lilinikosesha usingizi.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mwaka huo serikali ilikuwa imetangaza sikukuu ya Idi siku moja, nao jamaa zangu, waliofuata mwandamo wa mwezi wa hapa nchini, Idi yao ikaangukia siku ya pili yake. Kwa hiyo siku ambayo shule zilifungwa kwa ajili ya Waislamu, nyumba hii ilikuwa katika saumu ya Arafa. Na siku ya kuvaa, kuswali na kuchinja, shule zilikuwa zimefunguliwa. Wazazi walikuwa wameshaamua kuwa mtoto aende akafanye mtihani wake, wao waende Mumias kuswali na kula kwa jamaa, kisha warudi jioni wakiwa wamemchukulia chakula chake. Nilipouliza kama mwalimu alikwishaelezwa, mdogo wangu akasema hawakutaka kumsumbua mtu. Mtoto yuko peke yake darasani mwenye kufuata dini hii, na wao hawakupenda aonekane tofauti.

Kwamba Idi “iko Mumias” si ajabu. Uislamu wa nchi ya Kakamega haukuja jana. Misafara ya watu wa pwani ilikuwa ikifika huko katika karne ya kumi na tisa kutafuta pembe za ndovu. Na Mskoti Joseph Thomson alipofika mwaka 1883, njia hiyo ilikuwa imekwisha kukanyagwa na Waswahili waliomtangulia. Watawala wa Wanga waliwapokea wageni hao, wakawapa mahali pa kukaa, na dini ikamea. Nabongo Mumia, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, alifariki mwaka 1949, lakini Idi inapofika Mumias hujaa kanzu na buibui kana kwamba uko Mji wa Kale. Basi Mwislamu aliye Navakholo, mwenye majirani Waislamu wa kuhesabika, huvutwa kwenda mahali penye wenziwe wengi. Nani asiyependa kuleta takbiri pamoja na umati?

Lakini kwenda Mumias kila Idi kulikuwa na upande wa pili, nao niliujua siku ya Arafa.

Jirani wa mdogo wangu ni bibi mmoja mtu mzima, Mkristo mwenye kushika dini yake, ambaye watoto wote wa pale humwita Kukhu, yaani nyanya. Alikuja na mkungu wa ndizi baada ya kusikia kuwa kuna mgeni. Hatukuweza kula naye kwa kuwa tulikuwa tumefunga, naye hakuchukizwa; akaketi kwenye mkeka, akaniamkua, akaniuliza habari za bahari. Kisha akamgeukia mdogo wangu na kumwambia, bila ukali wowote: “Mama watoto, miaka minane nyinyi mnakula sikukuu kwetu. Sisi hatujala sikukuu yenu hata siku moja. Kwani yenu haina chakula?”

Mdogo wangu akainamisha uso. Ili ulijue uzito wa swali lile, yafaa nikueleze desturi ya mahali pale.

Katika sehemu nyingi za nchi ya Waluhya, mwezi wa Agosti, hasa katika miaka igawikayo kwa mbili, huwa ni msimu wa jando. Desemba nayo huwarudisha watu kutoka kila pembe ya Kenya. Mabasi hujaa, nauli hupanda, na nyumba iliyokuwa na wazee wawili hugeuka kambi ya wajukuu. Upande wa Isukha na Idakho, kusini mwa kaunti, ndiko yanakosikika makuu ya ngoma ya isukuti, ichezwayo kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, ambayo mwaka 2014 Shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa haraka. Huko ndiko pia wanakopiganisha mafahali, na sikukuu nyingi za taifa huamkia kiwanjani. Kila nyumba yenye uwezo huchinja, na kila jirani huitwa.

Sasa, mwenye karamu anapotaka kuchinja ng'ombe kwa ajili ya wageni wengi, hutuma mtoto aje amwite shemeji yangu. Hamwiti kwa sababu wao wenyewe hawajui kuchinja. Humwita kwa kuwa wanajua jirani yao hawezi kula nyama isiyotajiwa jina la Mwenyezi Mungu, nao hawataki akae pembeni akitafuna ndizi huku wengine wakila. Shemeji huuliza kwanza jambo moja: je, mnyama huyu ni wa karamu au ni wa tambiko? Ikiwa ni wa tambiko, huomba radhi na kurudi kwake, na hakuna amlaumuye. Ikiwa ni chakula cha wageni, hunoa kisu, huelekea kibla, hutaja jina la Mola wake na kuchinja. Hapo nyama yote ya karamu ile huwa halali kwake na kwa Mwislamu yeyote atakayepita.

Tafakari, mama. Watu wa dini nyingine, katika siku yao kubwa, wamemkabidhi Mwislamu kisu ili sahani yake isitengwe. Hawakulazimishwa na sheria yoyote. Na kwa miaka minane jibu letu kwao lilikuwa mlango uliofungwa tangu alfajiri ya Idi hadi magharibi. Hapakuwa na chuki ndani yake, wallahi. Palikuwa na haya, na mazoea, na ile dhana ya wachache kwamba wakikaa kimya hawatamwudhi mtu. Lakini Kukhu hakuuona ukimya ule kuwa ni adabu. Aliuona kuwa ni uchoyo.

Nchi yetu, mama mwenzangu, ina kaunti 47, na sikukuu zake hazihesabiki kwa vidole. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha tisa, imezitaja siku tatu za taifa: Madaraka, Juni 1, Mashujaa, Oktoba 20, na Jamhuri, Desemba 12. Tangu mwaka 2016 Madaraka na Mashujaa zimekuwa zikitembezwa mikoani. Kakamega waliipokea Mashujaa mwaka 2018 katika uwanja wa Bukhungu, Mombasa tukaipokea mwaka 2019, na mwaka 2024 Bungoma wakapata Madaraka, Kwale wakapata Mashujaa. Hizo ni siku za wote. Kisha ziko za dini. Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110, inazitambua Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka na Krismasi, na pia Idi ya Mfungo Mosi, kuwa mapumziko ya kila Mkenya. Idi ya Mfungo Tatu sheria hiyo imeiweka kuwa siku ya wenye imani ya Kiislamu, na Diwali kuwa siku ya Wahindu, ingawa mara nyingi Waziri hutangaza Idi yetu hiyo kuwa mapumziko ya nchi nzima. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Waislamu ni kama asilimia 11 ya Wakenya. Kwa idadi hiyo, nchi haikututupa.

Hata hivyo, tangazo la serikali haliwezi kumwambia mwalimu wa Navakholo kwamba mtoto wa benchi la tatu ataswali Idi kesho badala ya leo. Hilo lataka mzazi. Sisi wa pwani twaweza kusahau jambo hili, kwa kuwa kwetu Idi haihitaji kuelezwa. Mombasa mzima hujua. Ukienda Lamu katika Maulidi ya Mfungo Sita, yanayohusishwa na Habib Swaleh na Msikiti wa Riyadha, utawakuta wageni wa dini zote wamejipanga ukingoni kutazama mashindano ya punda na ya mashua, nasi twawakaribisha kwa kahawa chungu na halua. Tulipo wengi, tumezoea kuwa wenyeji. Tulipo wachache, twajifanya wageni hata katika nyumba tulizojenga wenyewe.

Basi tukafanya nini? Baada ya Kukhu kwenda zake, mdogo wangu akachukua simu, mkono ukimtetemeka kidogo, akampigia mwalimu. Akamweleza kwamba kesho ndiyo Idi ya nyumba yake na kwamba aomba ruhusa ya mtoto. Upande wa pili kukawa kimya, kisha mwalimu akasema: “Kumbe! Mimi nilidhani sikukuu yenu ni ya leo. Mbona hamkuniambia mapema? Mtihani atafanya atakaporudi.” Mazungumzo yote hayakufika dakika tatu. Miaka mitatu mtoto yule alikuwa amebeba mzigo ambao dakika tatu za simu zingemtua.

Usiku ule shemeji akakata shauri kuwa mwaka huu hatuendi Mumias. Idi italiwa hapa. Naye ni mtu wa kuchunga dini yake, akajua kwamba wanazuoni, hasa wa madhehebu yetu ya Shafii, wamejadiliana juu ya kumpa asiyekuwa Mwislamu nyama ya udhhiya. Hakutaka kuingia katika mjadala huo siku ya Idi. Akatoa mbuzi wawili: mmoja wa udhhiya, agawanywe kama ilivyo ada kwa nyumba, jamaa na maskini wa Kiislamu; wa pili mbuzi wa karamu tu, wa majirani. Hapo nikakumbuka habari ya sahaba Abdullah bin Amr, ambaye alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza kwanza kama jirani yao Myahudi amekwisha kupelekewa, kwa kuwa alimsikia Mtume, rehema na amani zimshukie, jinsi alivyousiwa juu ya jirani hadi akadhani atarithishwa.

Asubuhi tukaoga, tukajifukiza udi, tukaswali Idi pamoja na nyumba chache za Waislamu wa mtaa ule, wanaume mbele na wanawake nyuma, mahali pa wazi. Nakukumbusha hapa, mama, kwamba Mtume aliamrisha wanawake wote watoke siku ya Idi, hata aliye katika siku zake ahudhurie kheri na dua bila ya kuswali. Wengi wetu huku pwani hatuijui swala ya Idi. Twaijua moto wa biriani. Binti wa mdogo wangu alivaa gauni lake la kijani. Takbiri zetu zilikuwa za watu wasiofika arubaini, na upepo ulizichukua hadi kwenye miwa.

Adhuhuri majirani wakaja. Kukhu alikuja wa kwanza, amevaa leso mpya, amemshika kuku mkononi kuwa ni zawadi. Wakaja vijana waliokuwa wakimwita shemeji kuchinja kila Desemba, wakaja wanawake wa chama cha mdogo wangu. Pilau ilipakuliwa katika sinia, na kwa kuwa wengine hawakuzoea kula wali mchana kutwa, palikuwa na ugali na mboga pia. Walituuliza mengi: kwa nini tunachinja, nani alikuwa Nabii Ibrahim kwetu, kwa nini jana tulifunga na leo twala. Wengi walishangaa kwamba kisa cha Ibrahim wakijua. Tukawajibu tulichokijua, na tusilolijua tukasema hatulijui.

Najua liko swali moyoni mwako, nalo ni la haki. Je, mipaka yetu iko wapi? Mtume alipohamia Madina aliwakuta watu wana siku mbili za mchezo, akawafahamisha kuwa Allah amewabadilishia zilizo bora kuliko hizo, Idi mbili. Kwa hiyo Mwislamu ana sikukuu zake, na hana haja ya kuazima ibada ya mwengine. Hatuingii katika ibada isiyokuwa yetu, wala hatupambi nyumba zetu kwa alama za imani ya wengine, wala hatusimami kiwanjani kushangilia mafahali wakitoboana, kwa kuwa kuwachochea wanyama wapigane kumekatazwa katika dini yetu. Mambo ya maamkizi na mialiko wanazuoni wamekhitilafiana, na wewe muulize shekhe wako unayemwamini. Lakini wema kwa asiyetupiga vita wala kututoa majumbani mwetu, Qur'ani haikutukataza. Na haki ya jirani haimo katika khitilafu. Mtume yule yule alimsitiri Bibi Aisha siku ya Idi akawatazama Wahabeshi wakicheza kwa mikuki yao hadi aliposhiba mwenyewe kutazama. Dini yetu ina nafasi ya furaha, na ina nafasi ya kumtazama mwengine akifurahi.

Nilidhani safari yangu imekwisha pale, kumbe Kukhu alikuwa na neno moja jingine. Tulipokuwa tukiosha vyombo, akaniambia kuwa ana binti Mombasa, anafanya kazi katika nyumba ya watu. Akasema Krismasi tatu hazikumkuta hapa. “Kila mwaka huniambia kwa tajiri wake kuna shughuli. Sijui nyinyi huko mna shughuli gani zisizokwisha mwezi wa Desemba.” Alisema akicheka, kisha akaacha kucheka.

Mimi sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa lile lilikuwa langu. Si binti yake niliyemwajiri, lakini nyumbani kwangu aliwahi kukaa msichana wa Kakamega miaka mitano. Katika miaka hiyo alitupikia Idi kumi. Alijua kukoroga kaimati kuliko wanangu, na usiku wa kuamkia Idi alilala baada yetu na kuamka kabla yetu. Krismasi zake zilikuwa tano. Alikwenda kwao mara mbili. Desemba moja aliniomba ruhusa ya juma moja tu, nikamwambia tuna harusi, angoje Januari. Akangoja. Wajukuu waliokuwa wamekusanyika kwa nyanya yao walikuwa wamekwisha kutawanyika alipofika. Wakati ule niliona nimemtendea haki, kwani si nimempa likizo? Kule Navakholo, mbele ya beseni la vyombo vya watu wengine, nilifahamu kuwa nilimpa siku na nikamnyima sikukuu.

Mama mwenzangu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi, naye wa nyumbani amo, siku zisizopungua 21 za kazi za likizo yenye malipo kila baada ya miezi kumi na miwili. Hiyo ni haki yake, si hisani yako. Lakini sheria haitakwambia umpe lini. Hapo ndipo inapopimwa imani yetu. Sisi tunaotaka mwalimu wa Navakholo amjue mtoto wetu kwa Idi yake, je, twamjua msichana wa jikoni kwetu kwa siku yake? Mtume ametufunza kwamba hatakamilika imani mmoja wetu mpaka ampendelee nduguye analolipendelea kwa nafsi yake. Nami sioni ninavyoweza kudai kwa mkono mmoja ninachokinyima kwa mkono wa pili.

Kwa hivyo nakuusia mambo haya machache, nami najiusia kwanza. Kama mwanao yumo shule yenye Waislamu wachache, mwandikie mwalimu barua mwanzo wa muhula, umweleze Idi zote mbili, na kwamba tarehe huthibiti usiku wa mwezi tu. Kisha mpigie simu mwezi uandamapo. Usingoje mtoto ajifunze kuona haya kwa dini yake. Kama una jirani wa dini nyingine, sinia la Idi lifike kwake likiwa limefunikwa vizuri, si makoko ya chini ya sufuria. Ukialikwa kwake, nenda pale dini yako inapokuruhusu, na pale isipokuruhusu mweleze kwa ulimi laini badala ya kumkwepa. Na kama kuna binti wa watu nyumbani mwako, kaa naye leo, mwulize siku yake kubwa ni ipi, uiandike kwenye kalenda pale ulipoandika harusi na hitima zako. Nauli ya Desemba hupanda. Ukiweza kumkatia tiketi mapema, utakuwa umefanya sadaka ambayo mama yake ataiona ikishuka kwenye gari.

Juzi mdogo wangu alinipigia simu. Mtoto alirudi shule siku ya pili ya Idi akafanya mtihani wake, na mwalimu akamwita mbele awaeleze wenziwe Idi ni nini. Alisimama, akasema kwao walichinja mbuzi wawili, na kwamba mama mkubwa wake alitoka mahali ambapo maji ni mengi hata huoni ng'ambo. Wenziwe wakamwuliza kama mwaka ujao nao wataalikwa.

Amewaambia ndiyo. Shemeji anasema itabidi afuge mbuzi wa tatu.

Nami msichana wangu wa zamani nimemtafuta kwa simu, nikamwomba radhi kwa ile Desemba. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama bado namkorogea mtu mwengine kaimati zangu, au nimejifunza mwenyewe.

Allah atutakabalie ibada zetu, atusamehe tulipowapunja wenzetu, na atujaalie majirani wema na sisi tuwe majirani wema kwao. Amin. Tukutane juma lijalo, inshaAllah.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.